Upasuaji wa uke, wa muonekano na wa kurekebisha: nini utegemee hatua kwa hatua

Wadada wengi wakitolewa chumba cha upasuaji, ganzi ikianza kuisha tu, wanauliza mbona sikuambiwa itakuwa hivi. Mimi ndo nawahudumia wodini, ni kazi yangu, na swali hilo linaniuma kila mara kwa sababu vitu vyenyewe wala si siri, mtu angeambiwa wiki mbili kabla angejipanga vizuri na wengine wangeghairi kabisa. Kwa hiyo nimeandika kuanzia pale unapowaza tu mpaka unaporudi kwenye maisha yako ya kawaida, tendo la ndoa likiwemo. Ni mrefu, chukua mda wako.

HATUA YA 1: Jua unasumbuliwa na nini hasa

Hapa usiruke, hapa ndo pana kila kitu. Operesheni za huko chini ni nyingi na kila moja inatibu kitu chake, ukienda na shida moja ukafanyiwa operesheni ya shida nyingine, kidonda kitapona ila shida yako itakuwa palepale na umeongeza kovu. Na matangazo hayakusaidii maana yanaahidi "uke mpya" au "kurudi usichanani", hayakwambii ni nyama ipi inakatwa wala msuli upi unashonwa. Kwa hiyo kabla ya yote kaa chini ujiulize, je kinachonisumbua ni muonekano, ni maumivu, ni kulegea, ni kitu kinashuka, au ni mkojo?

Tuanze na mashavu ya ndani, yaani ile midomo midogo ya uke, maana ndo yanaulizwa sana. Kuna wenye mashavu marefu yanayosuguana na nguo, yanajikunja kuingia ndani wakati wa tendo, yanauma ukipanda baiskeli, hao wana shida ya kweli ya mwili. Na kuna ambao haviumi kabisa ila wakijiangalia wanajiona hawako sawa. Hapa naomba unisikilize. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa 2005 uliwapima wanawake 50, upana wa shavu la ndani ulianzia milimita 7 ukaenda hadi milimita 50, na wote hao walikuwa kawaida tu. Shavu moja kuwa refu kuliko lenzake ni kawaida, yawe meusi kuliko ngozi ya mapaja ni kawaida, yatokeze nje ya mashavu makubwa ni kawaida. Hayarefuki kwa sababu ya kufanya mapenzi, huo ni uongo uliowaumiza wanawake wengi sana. Na binti aliye chini ya miaka 18 asifanyiwe kwa ajili ya muonekano, chama cha madaktari wa uzazi cha Uingereza kilishalisema hilo 2013, kwa sababu huko chini bado kunaendelea kukua.

Ukiamua kupunguza mashavu, staili kubwa ni mbili. Ya kwanza daktari anakata ukingo wote wa shavu kwa urefu wake alafu anashona, ule ukingo wenye rangi nyeusi unaondoka na unabaki na rangi ya ndani, wapo wanaoipenda na wapo inayowashtua. Ya pili anatoa kipande cha pembetatu katikati kisha anaunganisha juu na chini, ukingo wako wa asili unabaki, ila mshono unavutwa zaidi kwa hiyo ukiachia unaachia palepale katikati na unaweza kubaki na tundu. Muulize daktari anatumia ipi na kwa nini anaona inakufaa wewe.

Kulegea sasa. Uke ni msuli na ngozi inayotanuka na kurudi, kinachoulegeza ni kuzaa kwa njia ya kawaida, umri, na kukoma hedhi, sio idadi ya wanaume wala unafanya mapenzi mara ngapi. Operesheni ya kukaza daktari anatoa kipande cha ngozi laini ya ukuta wa nyuma, anaikaribisha misuli iliyoachana, alafu anajenga upya msamba, yaani ile sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa. Kwa mama aliyechanika akashonwa vibaya, msamba ukabaki hauna nguvu, hii inasaidia kweli. Ila haikuhakikishii utafika kileleni wala haitibu ndoa yenye ugomvi, na akikaza kupita kiasi unaingia kwenye maumivu ya tendo ambayo mwanzo hukuwa nayo. Hilo ndo lalamiko baya kuliko yote ninayoyasikia, maana kulegeza kilichokazwa ni kazi ngumu kuliko kukikaza.

Kama unahisi kitu kama yai kinashuka ukichuchumaa au jioni baada ya kusimama siku nzima, hiyo ni habari nyingine kabisa. Kibofu kinaweza kusukuma ukuta wa mbele wa uke, puru, yaani mwisho wa utumbo panapokaa choo kikubwa, ikasukuma ukuta wa nyuma, au kizazi chenyewe kikashuka. Wengi wanakuja wanasema nimelegea nikazwe kumbe kibofu ndo kimeshuka, ukimkaza mlangoni tu umefunga mlango na kinachosukuma bado kinasukuma. Mwambie daktari akupime ukiwa unakohoa na unasukuma, ikiwezekana na ukiwa umesimama, maana ukilala chali vingine vinarudi ndani na havionekani.

Mkojo kuvuja ukikohoa au ukicheka una vipimo vyake na matibabu yake, kukaza uke hakuutibu. Na mkojo au kinyesi kikipita ukeni mfululizo bila wewe kuweza kuzuia, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu uliokwama au baada ya operesheni ya nyonga, hiyo ni fistula, ni tundu kati ya kibofu au njia ya haja kubwa na uke. Dada, fistula inashonwa na inapona. Jaribio la kwanza ndo lenye nafasi kubwa ya kufanikiwa, kila linaloshindikana linaacha makovu yanayofanya linalofuata liwe gumu, kwa hiyo hakikisha umeingia mikononi mwa mtu aliyefundishwa fistula mahususi, usikubali "tujaribu tu".

Waliokeketwa na kushonwa mpaka kikabaki kitundu wana operesheni ya kufungua, ni fupi kuliko wanavyodhani. Kitu kinachowashangaza sana ni mkojo, ulizoea kukojoa kwa dakika nyingi matone matone, ukifunguliwa unatoka kwa kasi na sauti, wengine wanalia wakidhani wameharibiwa. Hujaharibiwa, ndo unavyotakiwa kutoka.

Wapo pia wanaozaliwa bila uke au una kina kidogo sana, ni kama mmoja kati ya wasichana 4,500 hadi 5,000, mara nyingi wanagundua kwa sababu hedhi haiji. Kwao kisu sio cha kwanza. Kuna vipanuzi, vijiti laini vya saizi zinazoongezeka, unavitumia mwenyewe kila siku kwa miezi na kwa walio wengi, zaidi ya 9 kati ya 10, uke unapatikana bila operesheni. Na hata wanaofanyiwa operesheni ya kutengenezewa uke karibu wote lazima watumie vipanuzi baadaye, la sivyo unasinyaa. Kwa hiyo binti asidanganywe kwamba akipasuliwa atakwepa vipanuzi.

Kuhusu kushona bikira nitasema kwa ufupi. Hakuna kipimo chochote cha kitabibu kinachoweza kuthibitisha kama mtu ameshafanya mapenzi au la, Shirika la Afya Duniani lilitamka hivyo 2018, na Uingereza operesheni hii ni kosa la jinai tangu 2022. Haitibu chochote mwilini. Kama unaogopa kudhuriwa usiku wa harusi, unachohitaji ni mtu wa kukulinda, na mwambie muuguzi au daktari ukiwa naye peke yenu.

HATUA YA 2: Jaribu kwanza visivyo na kisu

Mazoezi ya misuli ya nyonga watu wanayadharau kwa sababu ni ya bure. Kaza kama unazuia hewa isitoke nyuma na mkojo usitoke mbele kwa pamoja, bila kubana matako wala kushika pumzi, shikilia, achia, mara 8, na urudie mara 3 kwa siku. Usiyafanye ukiwa unakojoa, hiyo ni ya kujitambulisha msuli mara moja tu basi. Matokeo yanakuja baada ya miezi 3 hadi 4, sio wiki mbili, na ukimpata mtaalamu wa mazoezi tiba ya nyonga utashangaa kugundua ulikuwa unasukuma badala ya kukaza, wengi tu wanakosea hapo.

Kizazi au kibofu kilichoshuka kinaweza kushikiliwa na pete ya silikoni inayowekwa ukeni, unaivaa na maisha yanaendelea, wapo wanaoishi nayo miaka na hawahitaji kupasuliwa. Ukavu na maumivu baada ya kukoma hedhi vinatibika kwa krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni ambayo daktari anakuandikia. Mashavu yanayosuguana, jaribu nguo za ndani za pamba zisizobana na mafuta mazito ya kulainisha kabla ya mazoezi.

Leza na mashine za kupasha moto zinazotangazwa kwamba zinakaza bila kisu, nizitaje kwa sababu zimesambaa mno. Tarehe 30 Julai 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kwamba mashine hizo hazijaidhinishwa kwa kazi hiyo, na kwamba kumekuwa na walioungua ukeni, wenye makovu, wenye maumivu ya tendo na maumivu ya kudumu. Neno "bila kisu" halimaanishi bila madhara. Na vitu vya kuingiza ukeni vya kubana, vidonge, vijiwe, poda, vinakausha ute na kuleta mikwaruzo midogo midogo ambayo maambukizi yanapitia, acha kabisa, na kama unatumia mwambie daktari kabla ya kupasuliwa maana kidonda hakitapona juu ya ngozi iliyochubuka.

HATUA YA 3: Daktari na maswali ya kumuuliza

Mtafute daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, au wa upasuaji rekebishi, aliyesajiliwa na anayefanya operesheni hiyohiyo mara kwa mara. Kama shida ni kibofu au kizazi kushuka, mwenye mafunzo ya ziada ya nyonga na mkojo ndo wako. Mtu anayekupa punguzo ukilipa leo, ambaye hajakupima na hajakuuliza umezaa mara ngapi na unataka kuzaa tena au la, simama uondoke.

Uliza haya na usione aibu, andika kwenye karatasi uende nayo. Operesheni inaitwaje kwa jina lake la kitabibu na anakata nini anaacha nini? Amefanya ngapi mwaka huu? Wangapi wamerudi na shida na shida gani? Nisipofanya itakuwaje? Ganzi ni ipi? Mshono ukiachia nani anashona na nani analipa? Usiku nikitokwa damu nampigia nani? Na kama ni kunyanyua kibofu au kizazi, uliza kama anaweka nyavu ya plastiki. Nyavu za kupitishia ukeni kwa ajili ya viungo vilivyoshuka FDA iliamuru ziache kuuzwa Aprili 2019 kwa sababu ya madhara yake, na Uingereza walikuwa wameshazisimamisha 2018. Kushona kwa nyama yako mwenyewe ndo kawaida saivi.

Kwa mashavu omba kitu kimoja, akuchoree kwa kalamu pale anapokusudia kukata huku umeshika kioo, ukiwa umekaa na ukiwa umesimama. Neno "kidogo" kwako na kwake ni vitu viwili tofauti, kwenye kioo ndo mnaelewana. Kinachokatwa kingi hakirudishwi, kinachobaki kingi kinaweza kupunguzwa tena.

Alafu jiulize hili ukiwa peke yako. Wazo lilitoka kwako au ni maneno ya mwanaume? Nasema kwa upendo kabisa, mdada anayekuja kwa sababu mtu alimtania kitandani mara nyingi anaondoka na kidonda na maneno yanaendelea. Na kama unajiangalia kwenye kioo mara nyingi kwa siku, unashindwa kuwaza kingine, unakwepa mapenzi kabisa kwa aibu, ongea kwanza na mshauri wa afya ya akili, hilo halikatwi kwa kisu. Chama cha madaktari wa wanawake cha Marekani, ACOG, Januari 2020 kilisema wazi kwamba usalama na ufanisi wa operesheni za urembo huko chini bado haujathibitishwa na mgonjwa anatakiwa aambiwe hivyo, sasa kama wewe hujaambiwa jua umeuziwa.

HATUA YA 4: Wiki za maandalizi

Sigara iache angalau wiki 4 kabla na usiirudie mpaka upone, nikotini inabana mishipa midogo ya damu na ngozi ya mashavu ni nyembamba, ikikosa damu inakufa na mshono unaachia. Dawa zote unazotumia zitaje, hasa za kuyeyusha damu, aspirini, za kisukari, za presha, vidonge vya uzazi wa mpango, na miti shamba pia maana mingine inaongeza kutoka damu. Usiache dawa ya moyo kwa kujiamulia, daktari ndo aseme.

Kisukari kishuke kwanza. Fangasi, maambukizi ya mkojo, uchafu wenye harufu, vitibiwe kabla. Mimba ipimwe, na kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi kama mda wako wa kupima umepita. Panga tarehe mara baada ya hedhi kuisha ili damu isije juu ya kidonda kibichi, hutaruhusiwa kuweka kitu ndani, ni pedi tu. Usinyoe kwa wembe siku za karibu, vile vijeraha vidogo vinaingiza vijidudu, kama nywele zinahitaji kupunguzwa watapunguza wenyewe hospitali.

Nyumbani andaa hivi: pedi kubwa za pamba, nguo za ndani pana za kutupa au zisizobana, chupa laini ya plastiki yenye mdomo mwembamba (ntakwambia kazi yake), barafu au pakiti ya baridi, dawa ya kulainisha choo, mito. Na mtu wa kukusaidia siku za mwanzo, kama una mtoto mdogo anayebebwa huyu msaidizi ni lazima kabisa.

HATUA YA 5: Siku yenyewe

Chakula unaacha masaa 6 kabla ya operesheni, maji matupu masaa 2 kabla, labda wakwambie vingine. Kupunguza mashavu mara nyingi ni ganzi ya palepale na dawa ya kukutuliza, inachukua saa moja hadi mbili na unarudi nyumbani siku hiyohiyo, ila usijiendeshe gari. Kukaza na kunyanyua viungo ni ganzi ya mgongo au nusu kaputi, na unalala usiku mmoja au zaidi.

Ukiamka unaweza kukuta una mpira wa mkojo na ndani ya uke umejazwa shashi ya kukandamiza damu. Unahisi umejaa na unataka kwenda haja kubwa, ni ile shashi, haja hamna. Kesho yake inavutwa, inatoka ndefu, ndefu kuliko ulivyodhani, inakwaruza na inaacha baridi, vuta pumzi ndefu toa taratibu ni dakika tu. Kwa fistula mpira haukai siku moja, ni siku 7 mpaka 14 kutegemea na tundu lilivyokuwa, na mpira huo ukiziba ni dharura maana kibofu kikijaa kinavuta mshono, kwa hiyo angalia mkojo unashuka kwenye mfuko mda wote na unywe maji mengi.

Mpira ukitoka watataka uone umekojoa ndo uende nyumbani. Wengine hawawezi mara ya kwanza kwa sababu ya uvimbe, mpira unarudishwa siku chache, usiogope.

HATUA YA 6: Siku 7 za kwanza

Ukojoaji wa kwanza nyumbani ndo unaogopwa, sasa ile chupa. Jaza maji ya uvuguvugu, kaa chooni ukiinama mbele kidogo, shika chupa kwa mkono mmoja na anza kumwagia kwa juu KABLA mkojo haujatoka, endelea kumwagia wakati unatoka na uendelee kidogo baada ya kuisha. Mkojo unachanganyika na maji hauchomi. Alafu usifute, gusa gusa kwa kitambaa safi laini kuanzia mbele kwenda nyuma, mpaka pakauke. Hakuna sabuni, hakuna dawa za kuua vijidudu, hakuna majani wala kufukiza, hakuna kujisafisha ndani.

Baridi weka dakika 10 hadi 20, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, unapumzika, unarudia, hasa siku 2 au 3 za mwanzo. Barafu usiweke moja kwa moja kwenye ngozi maana ganzi ikiwepo huhisi ikiunguza. Lala, na matako yainuliwe kwa mto, kukaa wima mda mrefu kunajaza uvimbe.

Choo kikubwa ndo adui wa mshono wa nyuma. Anza dawa ya kulainisha siku hiyohiyo, usisubiri ukwame, kula vyenye nyuzinyuzi na maji, na dawa za maumivu zenye kodeini zinafunga choo kwa hiyo ukiweza kutosheka na parasetamo na nyingine alizokuruhusu daktari bora zaidi. Ukiwa chooni weka miguu juu ya kigoda na ukandamize msamba kwa pedi safi kwa mkono, inapunguza ule uoga kwamba mshono utafumuka.

Na kioo. Siku ya 2 hadi ya 4 ndo uvimbe uko juu kabisa, ukijiangalia utakuta mashavu yamejaa, yamekuwa zambarau au meusi zaidi, moja kubwa kuliko lingine, nyuzi zinaonekana kama nywele ngumu nyeusi. Wengi wanalia hapo wanasema nimeharibiwa. Hujaharibiwa dada, hukumu ya muonekano haitolewi kabla ya miezi 3 na sura kamili ni kama miezi 6. Jiangalie mara moja kwa siku kutafuta dalili za hatari tu, basi, funika.

HATUA YA 7: Dalili za kurudi hospitali bila kusubiri

Damu inayolowanisha pedi nzima ndani ya saa moja. Upande mmoja kuvimba ghafla, mgumu, unauma kuzidi dawa, hapo damu inajikusanya ndani. Homa ya 38 na kuendelea. Usaha au harufu mbaya. Kushindwa kukojoa. Mshono kufunguka au ukingo wa ngozi kuwa mweusi na mkavu. Mkojo, hewa au kinyesi kupita ukeni. Nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukata, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda na ni ya kukimbilia usiku huohuo.

Ute wa rangi ya maziwa au kahawia kidogo usio na harufu mbaya ni nyuzi zinayeyuka, na vipande vya uzi vikidondoka kwenye pedi kati ya wiki ya 3 na ya 6 usivivute vilivyobaki, viache.

HATUA YA 8: Mpaka wiki ya 6 na baada

Tembea taratibu kuanzia siku ya kwanza, inazuia damu kuganda miguuni. Kazi ya kukaa ofisini baada ya kupunguza mashavu unaweza kurudi baada ya kama wiki moja au mbili, ila aliyenyanyuliwa kizazi na ana kazi ya kusimama au kubeba ni wiki 6 na wengine zaidi. Hakuna kubeba mtoto mkubwa, ndoo, mizigo, hakuna baiskeli, kuogelea, wala kitu chochote ukeni. Kujisikia nafuu wiki ya 3 kunadanganya wengi, kwa juu pamekauka lakini ndani nguvu ya mshono bado, na wanaofumuka wengi wanafumuka hapo kwa sababu walianza kufua na kubeba.

Tendo la ndoa ni baada ya wiki 6 NA daktari akiwa ameshakukagua, kwa fistula ni miezi 3. Mwambie mwenzio mapema kabla ya operesheni, akubali kabla, isije kuwa mabishano ukiwa na mshono. Mara ya kwanza tumia kilainishi cha ukeni cha maji, wewe ndo uwe juu ili uongoze kina na kasi, ukiona pameuma simama. Kubana na kuogopa mwanzoni ni kawaida, lakini maumivu yakiendelea baada ya miezi 3 usiyavumilie kimyakimya, kuna mazoezi ya kulegeza misuli, vipanuzi, krimu, na wakati mwingine kovu dogo tu linarekebishwa.

Ganzi ganzi au hisia kali kupita kiasi pembeni ya kinembe inaweza kuchukua miezi kutulia, na kwa wachache hisia hazirudi zote. Walionyanyuliwa viungo wajue pia kwamba vinaweza kushuka tena, inakadiriwa kufika hadi mmoja kati ya watatu kwa miaka inayofuata, ndo maana mazoezi ya nyonga hayaishi, na kikohozi sugu, kufunga choo na uzito vinabidi vishughulikiwe.

Kama hujaridhika na muonekano usikubali kurudiwa kabla ya miezi 6, nyama bado inabadilika na kukata juu ya uvimbe ni kukisia. Tafuta na maoni ya daktari wa pili.

Kuzaa tena: aliyepunguzwa mashavu anaweza kuzaa kawaida. Aliyekazwa uke au kunyanyuliwa kizazi, bora awe amemaliza kuzaa ndo afanyiwe, kwa sababu uzazi unaweza kuharibu kazi yote. Aliyeshonwa fistula mara nyingi anashauriwa azae kwa operesheni, hospitalini, na asisubiri uchungu uanzie nyumbani. Kwa hiyo siku ya kuruhusiwa omba nakala ya ripoti ya upasuaji, yenye jina la operesheni, aina ya nyuzi, na kama kuna chochote kilichoachwa ndani, ipige picha kwenye simu na karatasi uitunze, ukipata mimba mpe mkunga siku ya kwanza ya kliniki kabla hajakupima.